Tusiliache Ua Letu la Zambarau

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yatufaa sana sisi tunaopamba shule yetu kwa maua.

Hebu tazameni bustani iliyo mbele ya ofisi. Bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini. Mjakaranda nao ulitoka huko huko. Sisemi ing'olewe, la hasha! Kivuli cha mjakaranda sote twakipenda. Lakini mbona hakuna hata ua moja la hapa kwetu?

Ilhali nyuma ya uwanja wa mpira, pale penye majimaji, mvua zinapoanza huchanua ua la zambarau lenye doa la manjano. Wengi wetu hulikanyaga tu tukikimbilia mpira. Wataalamu huliita Moraea schimperi, nalo humea katika nyasi za majimaji za nyanda za juu, kutoka Ethiopia hadi Zimbabwe. Sasa twaambiwa kuwa mahali hapo patachimbwa mtaro. Maoni yangu ni kwamba, kabla jembe halijaingia, tulihamishie bustanini.

Kazi yenyewe si ngumu. Chini ya ardhi ua hili lina kiazi kidogo. Ukikiona utadhani ni kitunguu, lakini kitunguu ukikikata utaona tabaka juu ya tabaka. Hiki ni kigumu ndani, kama nduma. Humo ndimo mmea huweka akiba ya chakula wakati wa kiangazi. Basi tungoje majani yakauke, tuchimbe polepole, kisha tupande kila kiazi kwa kina cha kidole, ncha ikitazama juu, mahali penye jua na panapopata maji ya kutosha msimu wa mvua.

Najua kuna watakaosema, "Ati tujisumbue kwa ua la wiki chache tu?" Ni kweli halidumu. Hata hivyo, kiazi hubaki ardhini na kuchipua tena mwaka unaofuata, bila shule kutoa hata shilingi moja. Wengine watauliza kuhusu mifugo. Hao wana hoja, kwani baadhi ya jamaa za ua hili huko Afrika Kusini huua ng'ombe kwa sumu. Ndiyo maana nasema tulipande ndani ya seng'enge, mbuzi wa jirani wasilifikie.

Tukumbuke pia kwamba uzuri peke yake hautoshi. Gugumaji nalo lina ua la zambarau la kupendeza, na watu walilitoa Amerika Kusini kwa sababu ya urembo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitanda Ziwa Victoria hata wavuvi wa Kisumu wakashindwa kutoa mashua. Hiyo si hasara jamani?

Jambo moja nasisitiza: tusiende kwenye mbuga nyingine kuchimba viazi ovyo. Tuchukue vile tu ambavyo mtaro utaviharibu. Kwingineko tuokote mbegu chache, tuzisie, na tuwe na subira.

Naomba Chama cha Mazingira na walimu wa kilimo walijadili jambo hili kabla ya kufunga shule. Mkataa kwao ni mtumwa. Shime wenzangu, majembe tunayo!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu