Vita Katika Michezo ya Vijiji

Wako watu wasemao kwamba mchezo wa kujenga kijiji usio na vita ni mchuzi usio na chumvi. Katika michezo hii ya kompyuta mchezaji hupewa watu wachache, msitu, mto na baridi ya Ulaya ya Zama za Kati, kisha hutakiwa awaokoe watu wake na mauti. Kulima, kupasua kuni na kujaza ghala, husema watu hao, hakutoshi. Sharti siku moja adui atokee mwituni na mwenge mkononi, ama mchezaji atasinzia. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata likachukuliwa kuwa kweli. Lakini wingi wa wasemao haujapata kuwa ushahidi.

Jawabu la kwanza ni mchezo uitwao Banished, uliotolewa mwaka 2014 na kutengenezwa na mtu mmoja, Luke Hodorowicz. Hamna upanga ndani yake, wala jeshi, wala jirani mwenye husuda. Hata hivyo mauti yamo tele. Kuni zikipungua, watu hufa kwa baridi. Zana zikichakaa, kazi huzorota na chakula hupungua. Nyumba zisipojengwa kwa wakati, vijana hukosa makao ya kuanzia unyumba, watoto hawazaliwi, na baada ya miaka michache kijiji huwa cha wazee, kisha huwa cha makaburi. Adui wa kijiji hicho ni hesabu mbaya ya kiongozi wake, na mchezaji hana wa kumlaani ila nafsi yake. Atakayeuita mzigo huo usingizi hajaubeba.

Wapenda vita wakishindwa hapo hukimbilia historia. Husema kuwa Zama za Kati zilikuwa zama za vita, na mchezo unaovificha ni mchezo mwongo. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, wala haifai kudharauliwa. Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa Sheria ya Winchester, iliyomlazimisha kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 kuweka silaha kwa kadiri ya mali yake. Mwaka 1355 mwana wa Edward wa Tatu, ajulikanaye kama Black Prince, alitoka Bordeaux na jeshi hadi Narbonne, akichoma miji na vijiji njiani. Vita vilikuwapo. Lakini historia hiyohiyo hueleza pia njaa kuu ya 1315 hadi 1317, iliyoletwa na mvua zisizokoma kaskazini mwa Ulaya, na tauni ya 1347 hadi 1351, ambayo hukisiwa kuwa iliua theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi. Atakaye ukweli na auchukue wote. Tena safari ile ya 1355 haikuwa shindano la mashujaa. Ilikuwa uharibifu wa maghala, vinu na mashamba, ili mfalme wa Ufaransa akose kodi na heshima. Kwa mkulima, vita vilikuwa njaa iliyokuja juu ya farasi.

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Swali kubwa si kama vita viwemo au visiwemo. Swali ni nani avilipiaye. Katika Stronghold, mchezo wa mwaka 2001, wakulima wasio na kazi huketi karibu na moto. Mchezaji hutoa dhahabu na silaha, na mkulima hugeuka askari. Akifa, mwingine huja kuketi mahali pake, maadamu watu wanampenda bwana wao. Hapana shamba lililolala kwa ajili yake, wala mjane anayemngoja. Kijiji hapo ni mfuko wa fedha za jeshi, na mtu ni sarafu ndani yake.

Manor Lords, ulioanza kuuzwa mwaka 2024 ukiwa haujakamilika, hushika njia nyingine. Wanamgambo wake ndio walewale wanaolima na kukata miti. Wakiitwa vitani wakati wa mavuno, ngano hubaki kondeni; wakiuawa, kazi zao hukosa mikono. Mchezaji hutazama mstari wa mikuki akaona ndani yake mkate wa mwaka ujao. Vita vya namna hiyo vina haki ya kuwamo, kwa kuwa ni sehemu ya maisha ya kijiji, si tamasha lililopandikizwa juu yake.

Wengine hutaka kuumaliza ugomvi kwa kumwachia mchezaji achague. Farthest Frontier, ulioanza kuuzwa mwaka 2022, humruhusu kuondoa mashambulio kabisa. Ruhusa hiyo ni njema, lakini haimwondolei mtengenezaji wajibu wake. Achaguaye amani apewe amani yenye taabu zake, na achaguaye vita avikute na bei yake kamili. Kumpa vita rahisi kwa kuwa amevitaka ni kumuuzia mtu sumu kwa kuwa ameipenda rangi yake.

Itasemwa kwamba haya ni michezo tu. Lakini mchezo hufundisha kwa kile unachokitoza na kile unachokitoa bure. Kijana anayekaa saa mia mbele ya kijiji ambacho kifo cha mkulima hakipunguzi hata pishi moja ya nafaka, amefundishwa kwa saa mia kwamba maisha ya mnyonge ni rahisi. Wahenga walikwisha kusema kuwa wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mchezo unaojiita wa kijiji umejitwika kusimulia habari za nyasi. Ukisimulia za tembo peke yao, jina hilo haliustahili.