Desa Lililovunja Penzi

Mwezi huu naomba tuingie darasani kidogo. Usikunje uso, mtihani haupo. Nataka tuizungumzie kozi moja ya chuo kikuu ambayo kila nikikaa na vijana waliosoma uchumi au biashara lazima itajwe, na ikitajwa wanacheka kwanza halafu wananuna. Inaitwa nadharia ya michezo.

Kwa wale ambao kama mimi walisoma mawasiliano na hesabu wakaiaga mapema, ngoja niieleze kwa lugha ya mtaani. Mchezo hapa si mpira wala bao. Ni hali yoyote ambayo matokeo yako hayategemei uamuzi wako peke yako, yanategemea na uamuzi wa mwenzako, naye anakuwazia wewe kama unavyomuwazia yeye. Muuza nyanya anayepanga bei huku jicho liko meza ya jirani, yuko mchezoni. Dada anayesubiri kaka aanze kupiga simu, na kaka naye anasubiri dada aanze, wote wako mchezoni, tena mchezo mgumu. Somo hili lilipata nguvu mwaka 1944, John von Neumann na Oskar Morgenstern walipotoa kitabu chao kikubwa. Baadaye akaja John Nash, yule aliyetengenezewa filamu ya A Beautiful Mind mwaka 2001.

Ukiniuliza mimi, hakuna somo linalowafaa wapenzi kama hili. Ndiyo maana inauma kusikia lilivyofundishwa.

KOZI ILIVYOKWENDA

Nilizungumza na vijana wanne waliolisoma chuo kimoja, mwaka mmoja. Chuo sikitaji, na majina yao nimeahidi yatabaki kwangu. Leo wote wana kazi zao, lakini wakianza kusimulia utadhani ni jana.

Wiki mbili za mwanzo mwalimu hakutokea. Wiki ya tatu akaja mwalimu msaidizi, akafundisha sura ya kwanza, akaaga. Wiki ya tano akaingia mwalimu mwenyewe, akaanzia sura ya nne, akiamini tatu za mwanzo zimekwisha. Kitabu cha kozi kilikuwa nakala moja tu maktaba, kwa wanafunzi zaidi ya 150. Mpangilio wa kozi, yaani ile karatasi inayosema mtasoma nini na alama zitagawanywaje, ulitoka wiki ya sita, nao ulikuwa wa mwaka uliopita.

Wakaambiwa kazi ya kundi ina alama 20. Makundi ya watu kumi yakaundwa. Si unajua mambo ya makundi? Watatu wanafanya kazi, wawili wanachapa na kutoa fotokopi, watano wanaleta majina na namba za usajili. Kazi ikakusanywa. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo ubaoni: kazi ya kundi haitahesabiwa, badala yake kuna tesiti ya pili, keshokutwa saa mbili asubuhi.

"Siku ile niliapa sitambebea mtu mzigo tena," aliniambia dada mmoja ambaye sasa ni mkaguzi wa hesabu. Alikuwa mmoja wa wale watatu.

Kisha ukaja uvumi. Eti alama zitapangwa kwa kuwalinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, na A zitakuwa za kuhesabu. Hakuna aliyelisikia hilo kutoka kinywani mwa mwalimu. Hakuna aliyesikia akilikanusha pia. Basi darasa lililokuwa likigawana madesa tangu mwaka wa kwanza likabadilika ghafla. Kwa ambaye hajapita chuo, desa ni zile karatasi za notisi na maswali ya zamani wanazorithishana wanafunzi. Watu wakaanza kusoma wamelalia daftari. Ukimuuliza mtu "una nondo gani?" anakujibu "sina kitu, ndugu yangu, naenda hivi hivi," kumbe amejaza.

Nisiwe mchoyo wa haki, mwalimu naye alikuwa na mchezo wake. Wanne hawa wote wanakubali kwamba alikuwa anafundisha kozi tatu muhula ule na kusahihisha mamia ya karatasi. Lakini mzigo wake haukumzuia kutamka sentensi moja mbele ya darasa: alama zitatolewa hivi. Sentensi hiyo haikutamkwa, na mahali pake pakajaa maneno.

SASA TUJE KWENYE PENZI

Katika hao wanne kuna kaka na dada waliokuwa wapenzi. Walianza mwaka wa kwanza. Bumu likiingia wanakula pamoja, likikata wanashindia maharage pamoja. Siku nne kabla ya mtihani wa mwisho kaka akapewa desa na mwanafunzi wa mwaka wa juu: mitihani mitatu ya nyuma, na majibu yake. Akasoma usiku, peke yake. Asubuhi akaenda kukaa na mpenzi wake maktaba kama kawaida, wakahangaika pamoja na maswali ambayo yeye majibu yake alikuwa nayo chumbani.

Maswali mawili kati ya manne yakatoka humo humo. Kaka akapata B+. Dada akapata sapu. Likizo, dada akitafuta chaja ya simu kwenye begi la kaka, akakutana na karatasi zile.

Nilimuuliza kila mmoja kwa wakati wake. Kaka akasema: "Niliamini kwamba akipanda yeye nashuka mimi. Na nikajiambia hata yeye angelipata angefanya hivyo hivyo."

Dada akasema: "Mimi nilikuwa nimepata langu kabla ya tesiti ya pili. Nilimpa siku ile ile. Akaniambia asante." Akanyamaza kidogo. "Sapu niliifanya nikafaulu. Ile asante yake ndiyo haijanitoka mpaka leo."

Wameshaachana, kila mtu na maisha yake.

Msomaji, cha kuchekesha kama si cha kuliza ni kwamba huo ndio ulikuwa moyo wa kozi yenyewe. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Merrill Flood na Melvin Dresher, walibuni mchezo ambao mwenzao Albert Tucker aliuvika kisa cha mahabusu wawili. Polisi wamewaweka vyumba tofauti. Tuseme wote wakinyamaza, kila mmoja anafungwa mwaka mmoja. Mmoja akimchoma mwenzake, mchomaji anaachiwa na mwenzake anakula miaka kumi. Wakichomana wote, kila mmoja miaka mitano. Ukipiga hesabu peke yako utaona kumchoma mwenzako kunakulipa, afanye yeye lolote. Naye anapiga hesabu ile ile. Mwisho wake wanatumikia mitano mitano, wakati mmoja mmoja ulikuwa mezani.

NG'AMBO WALIFANYAJE?

Utasema ndivyo binadamu alivyo, akibanwa anajiokoa. Subiri kwanza. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kulikuwa na mwalimu wa kompyuta, Peter Fröhlich. Kanuni yake ilikuwa kwamba alama ya juu kabisa darasani ndiyo inahesabiwa kuwa 100, na wengine wote wanapimwa kwa hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2012 wanafunzi wake wakapiga hesabu: wote tukipata sifuri, sifuri ndiyo itakuwa alama ya juu, na wote tuna 100. Siku ya mtihani wakasimama nje ya ukumbi. Hakuna aliyeingia. Mwalimu akatimiza neno lake, akawapa wote alama kamili, halafu akaibadilisha ile kanuni ili mchezo usirudiwe.

Sasa linganisha na Chuo Kikuu cha Maryland, hapo hapo Marekani. Mwaka 2015 swali la mwalimu wa saikolojia, Dylan Selterman, lilisambaa dunia nzima. Kila mwanafunzi achague kwa siri: aongezewe alama 2 au alama 6. Lakini wakizidi asilimia 10 ya darasa waliochagua 6, hakuna anayepata kitu. Rahisi, si ndiyo? Wote chagueni 2, mambo yaishe. Kumbe darasa baada ya darasa lilikuwa likikosa vyote.

Wa Baltimore si malaika kuliko wa Maryland. Kule Johns Hopkins kanuni ilijulikana na kila mtu, wanafunzi walizungumza kabla, na walisimama mahali wanapoonana, hivyo mmoja akigusa kitasa cha mlango wote wanamwona. Kule Maryland kila mtu alichagua gizani. Na darasa la wale vijana wangu wanne, msomaji, lilikuwa gizani zaidi, maana hata kanuni yenyewe hawakuijua.

NYUMBANI KWAKO KUKOJE?

Unadhani naongea habari za chuo tu? Nyumba ngapi za vijana wenye kazi nzuri zinaendeshwa kama ile kozi? Mmeoana, au mnaishi pamoja, mwaka wa pili sasa, na mpangilio haujatoka. Nani analipa kodi, nani luku, nani ada ya mdogo wako? Kwa wazazi mnatuma kiasi gani, na kwa wazazi wa upande upi? Mshahara ukipanda unasema au unameza? Hakuna aliyewahi kusema, na penye kimya uvumi unakaa. Mke anasikia kwa shemeji kwamba mume ananunua kiwanja. Mume anaona ujumbe wa benki asioufahamu. Kila mmoja anaanza kuweka akiba yake ya chini ya godoro, si kwa ubaya, ila tu "lolote linaweza kutokea." Hapo mmeshaingia vyumba viwili vya polisi.

Lakini simtetei kaka wa desa. Vurugu ya kozi ilimvuta, sawa, ila mkono uliofunga begi ulikuwa wake. Alikuwa na kitu ambacho mahabusu wa kwenye kisa hawana: ushahidi. Mwenzake alikwisha mwonyesha, kwa vitendo, anachofanya akipata desa.

Hapa nadharia ya michezo ina neno zuri. Mwanazuoni Robert Axelrod wa Marekani aliwaalika wataalamu walete mbinu zao zishindane ndani ya kompyuta, mchezo ule wa mahabusu ukirudiwa mara nyingi, si mara moja. Mwaka 1984 akayaandikia kitabu matokeo yake. Mbinu iliyoshinda mashindano ya kwanza, na yale ya pili yenye washiriki 62, ilikuwa fupi kuliko zote, na iliandikwa na Anatol Rapoport. Anza na wema. Baada ya hapo mfanyie mwenzako alichokufanyia mara ya mwisho. Akikuumiza, mjibu, akirudi kwenye wema, rudi naye, usifukue ya mwaka juzi.

Mbinu hii ina ugonjwa wake lakini, na wapenzi tunaujua. Ikitokea kutoelewana kidogo tu, simu haikupokelewa kwa sababu chaji imeisha, wewe ukalipiza kwa kununa, naye akalipiza kununa kwako, mnaweza kuzunguka hapo wiki nzima. Dawa waliyoipata watafiti baadaye ni kusamehe mara moja moja hata kabla hujaombwa. Bibi zetu walilijua hilo bila kompyuta.

Na siri ya yote ni kurudiwa. Mtihani ni wa siku moja, ndoa ni kila siku. Kaka alicheza kama vile ile ndiyo mechi ya mwisho, kumbe mechi kubwa ilikuwa bado haijaanza.

KARATASI MOJA

Yule wa nne katika vijana wangu sasa naye anafundisha chuo. Nilimuuliza amejifunza nini kwenye kozi ile. Akacheka. "Siku ya kwanza naingia na karatasi moja. Ina tarehe za tesiti, ina mgawanyo wa alama, na mwisho kabisa imeandikwa nini kitafanyika nikichelewa mimi."

Nimeipenda hiyo ya mwisho. Kama wewe ni mwanafunzi, idai karatasi hiyo wiki ya kwanza, kwa adabu, kupitia kiongozi wenu wa darasa. Mkiidai wote mna nguvu. Akiidai mmoja ataonekana mkorofi. Na kama una mwenzako nyumbani, kaeni Jumamosi moja na chai yenu mkaiandike ya kwenu. Mapato, matumizi, wazazi, akiba. Kila mmoja aandike na mstari wa mwisho: nikikosea mimi, kitafanyika hiki. Ukiona unashindwa kuuandika mstari huo, jiulize begi lako lina nini.

Pendaneni, ambianeni. Tuonane mwezi ujao.