Neno MULTITHREADED lisikudanganye

Leo ni zamu ya wanaoandika Java. Wengine vumilieni, au mkanywe chai kwanza.

Kuna ushauri unaozunguka sana nami naupinga: ukitaka kuweka skripti ndani ya programu ya Java, tengeneza ScriptEngine moja, iwe static, kila mtu aitumie. Kwenye kompyuta yako itafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu mtumiaji ni wewe peke yako.

Tuchukue mfano wa afya, maana huku kwetu Magharibi Java imekita mizizi huko. OpenMRS ilianza 2004, na majirani zetu wa Eldoret wakaanza kuitumia 2006. KenyaEMR imejengwa juu yake. Bahmni pia, nayo inakuruhusu kuandika hesabu kama ya BMI kwa Groovy bila kugusa Java yenyewe. Ni wazo zuri sana: kanuni ikibadilika, unabadilisha faili moja tu. Sisemi mifumo hiyo ina kasoro ninayoieleza. Nasema anayeiga wazo hilo kwenye mfumo wake awe macho.

Fikiria skripti ya kukokotoa dozi kwa uzito, na wauguzi wawili wanabonyeza "hifadhi" kwa pamoja. Seva inampa kila mmoja uzi wake wa kazi, lakini nyuzi zote mbili zinaingia kwa mkalimani yuleyule wa skripti. Katika Groovy, jina lisilotangazwa kwa def linaingia kwenye kapu la pamoja, yaani Bindings. JavaScript bila var ni vivyo hivyo. Uzi wa kwanza unaweka kilo 9 za mtoto. Kabla haujapiga hesabu, wa pili unaweka kilo 74 za mama fulani. Mtoto anaandikiwa dozi ya mtu mzima, na kwenye logi hamna kosa hata moja. Programu ikianguka utajua. Hii haianguki.

"Lakini niliuliza kwanza!" Sawa. Tangu Java 6 (2006) unaweza kuuliza kwa getParameter("THREADING"). Rhino iliyokuja na Java 6 ilijibu MULTITHREADED, na Groovy hujibu hivyo pia. Sasa soma maelezo ya Java yenyewe: jibu hilo linaahidi kwamba mkalimani hataharibika, ila uzi mmoja unaweza kuona kilichofanywa na mwingine. Yaani duka halitabomoka, lakini daftari la madeni litachanganyika. Anayetenganisha majina ya kila uzi hujibu THREAD-ISOLATED. Halafu Java 8 ikaja na Nashorn mwaka 2014, na jibu likawa null. Msimbo ni uleule, ahadi imeondoka kimyakimya! (Nashorn nayo ikaondolewa kwenye Java 15, mwaka 2020.)

Wengine hukimbilia kufuli, synchronized. Tomcat kwa kawaida huruhusu nyuzi 200. Skripti ikichukua milisekunde 40 na wote wakija pamoja, wa mwisho anasubiri sekunde 8. Na ukisahau kufuli mahali pamoja tu, umerudi ulikotoka.

Mimi nasema hivi: shirikisha msimbo, usishirikishe kapu. Kwa Groovy, kompaili skripti mara moja, kisha kila ombi lipewe Bindings zake mpya. Ukitumia Rhino moja kwa moja, kila uzi uingie kwa Context.enter() na kutoka kwa exit(), na vigeu vya ombi viwe na scope yake. GraalJS inataka Engine moja ya pamoja na Context nyingi. Nyuzi mbili zikiingia kwenye Context moja kwa wakati mmoja, inakurushia IllegalStateException. Watu huilalamikia sana tabia hiyo. Mimi naipenda, afadhali kelele kwangu kuliko namba ya uongo kwenye faili la mgonjwa.

Kabla hujapeleka mfumo kituoni, endesha skripti kwa nyuzi 50, kila mmoja na uzito tofauti, mara elfu kadhaa, ulinganishe kila jibu na lile unalolitarajia. Likitokea hata jibu moja la mtu mwingine, anza kwa kutafuta def iliyosahaulika.