Chuma cha Vita Kina Bei Mbili



Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono liliwalipukia wanafunzi. Watoto watano walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Ilielezwa kwamba mmoja wao alikuwa ameliokota, akaja nalo shuleni akidhani ni kipande cha chuma chakavu ambacho angemwuzia mnunuzi wa vyuma. Mtoto yule hakuwa mhalifu. Alijua jambo linalojulikana na kila mtu mkoani Kagera, yaani kwamba chuma ni fedha. Jambo ambalo umri wake haukumwezesha kulijua ni kwamba chuma cha vita kina bei mbili: ya kwanza hulipwa na anayekinunua, na ya pili hulipwa na mtu ambaye hakuwapo sokoni.

Twaandika juu ya bei hiyo ya pili kwa sababu kununua na kuuza mali iliyochakaa ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni jambo jema. Serikali huuza kwa mnada magari, jenereta na samani zilizomaliza muda wake. Nchi zenye viwanda vingi huuza hata mashine kubwa na roboti zilizokuwa zikichomelea vyuma viwandani. Fundi wa Muleba au wa Bukoba anayenunua gari kuukuu mnadani, akalifufua na kulipa kodi, amejenga nchi. Na endapo mashine aliyoinunua itakataa kuwaka, hasara ni yake. Jirani yake hatalala njaa wala kuzika mtoto kwa sababu hiyo.

Silaha si hivyo. Mwaka 1994 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa waraka juu ya biashara ya silaha kati ya mataifa, likatukumbusha kwamba silaha haziwezi kuhesabiwa kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine za sokoni. Mwenye kuuza chombo cha kuua anabaki na wajibu juu ya chombo hicho hata baada ya kupokea fedha yake.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwa na serikali yenye uwezo na ukaguzi mzuri. Ukaguzi ni lazima, lakini tusijidanganye kwamba unatosha. Mwaka 2006 wakaguzi wa Bunge la Marekani walificha utambulisho wao ili kupima ulinzi wa mali ya ziada ya jeshi lao. Waliweza kujipatia vifaa vya kuzuia risasi na vitako vya kufyatulia makombora ya begani, vitu ambavyo havikupaswa kufika mikononi mwa raia. Ikiwa taifa lenye madaftari na kompyuta nyingi kiasi kile liliteleza, sisi tuna sababu gani ya kuwa wazembe?

Bei ya pili haidaiwi kwa damu peke yake. Vita Baridi vilipokwisha, nchi za Ulaya ya Mashariki zilibaki na maghala yaliyojaa zana zisizohitajika, na Afrika ikawa soko. Mwaka 1998 jirani zetu wa Uganda walinunua kutoka Belarus helikopta 4 za kivita aina ya Mi-24 zilizokwisha kutumika, kwa zaidi ya dola milioni 12 za Marekani. Ikabainika kwamba hazikuwa katika hali iliyoahidiwa na hazikufaa kwa kazi. Mwaka 2001 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, na Jenerali Salim Saleh, ndugu wa Rais, alikiri kwamba alikuwa ameahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Fedha ile ingaliweza kujenga zahanati na kuchimba visima. Walioikosa hawakuwapo chumbani mkataba ulipotiwa saini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwenye kupanga bei kwa siri hausikii uzito wake.

Sisi wa Kagera uzito huo tumeubeba. Mkoa wetu ulipigwa katika vita vya 1978 na 1979. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Walio wengi walikuja na watoto na mikeka tu, na tuliwapokea kama ndugu. Lakini silaha za vita vya Maziwa Makuu nazo zilivuka mipaka. Wasafiri wa njia ya Biharamulo wanakumbuka hofu ya pori la Kasindaga, na wavuvi wa visiwani wanajua maana ya kusimamishwa ziwani na mtu mwenye bunduki.

Je, basi zihifadhiwe tu? Hilo nalo lina hatari zake. Maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Silaha iliyozidi mahitaji au iliyochakaa mahali pake ni kuharibiwa na wataalamu. Ndiyo sababu Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka serikali ziwe na mipango ya kuzikusanya, kuzitunza kwa usalama na kuziharibu.

Wajibu wetu sisi waamini na viongozi wa walei ni upi? Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo na kila darasa la mafundisho liwaambie watoto wazi: chuma usichokijua usikiguse, usikipige, usikibebe. Kiache pale pale, weka alama kwa mbali, kamwite mtu mzima ili mwenyekiti wa kitongoji na polisi wapewe habari. Nanyi mnaonunua vyuma kwa kilo, msipokee kutoka kwa mtoto kitu chochote. Shilingi mia chache mnazompa ndizo zinazomtuma porini.

Pili, mwenye silaha isiyo halali aisalimishe. Serikali imewahi kutoa nafasi ya kufanya hivyo bila kushtakiwa, kama mwaka 2022, na viongozi wa parokia waweza kumsindikiza mwenye hofu.

Tatu, tuhudhurie minada ya mali ya umma, hata kama hatuna fedha ya kununua. Tuulize tangazo lilibandikwa wapi na lini, mali ilithaminiwa na nani, na fedha iliyopatikana imeingia mfuko gani. Gari la wilaya ni mali ya mkulima wa kahawa wa Kamachumu kama lilivyo la mtumishi aliyekuwa akiliendesha. Taifa lililozoea kunyamaza mali ndogo inapouzwa gizani halitakuwa na sauti siku zana za vita zitakaponunuliwa gizani.

Amani hailindwi na askari peke yao. Kabla ya kushangilia chochote kilichouzwa au kununuliwa kwa bei nafuu, tuulize kwa sauti: bei ya pili atailipa nani? Na jibu likiwa ni mtoto, au mgonjwa, au mvuvi aliye ziwani usiku, basi bei hiyo ni kubwa mno, hata kama muuzaji ametoa risiti.