Mlonge unaweza kunasa metali kwenye maji, lakini sumu itaenda wapi?

Maji ya kisima yakiwa na tope, wengi vijijini wanajua dawa yake: ponda mbegu za mlonge, koroga, subiri tope litue. Watafiti wamekwenda mbali zaidi, wanapima kama mlonge, pumba za mpunga na maganda ya ndizi vinaweza kunasa pia metali nzito. Kwa Geita na Shinyanga, ambako wachimbaji wadogo bado wanakamata dhahabu kwa zebaki, hilo si jambo dogo.

Inafanyaje kazi?

Metali nyingi zikiyeyuka majini huwa na chaji chanya. Mabaki ya mimea yana sehemu zenye chaji hasi, hivyo metali inang'ang'ania pale. Kwa risasi na kadimiamu, majaribio ya maabara yametoa matokeo mazuri. Malighafi nayo ni rahisi: kwenye mashine za kukoboa mpunga Kahama, pumba zipo tele.

Shida iko wapi?

Kwanza, macho yanadanganya. Mlonge unafanya maji yawe maangavu, lakini zebaki iliyoyeyuka haionekani. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 0.006 tu kwa lita. Kuchemsha nako kunaua vijidudu, hakuondoi metali.

Pili, chujio hujaa. Likishajaa, metali inapita, na bila kipimo cha maabara huwezi kujua.

Tatu, aseniki, ambayo ukanda huu hutoka pia kwenye miamba yenyewe, mara nyingi haina chaji chanya. Pumba zinazonasa risasi zinaweza kuiacha ipite.

Nne, pumba zilizonasa zebaki ni taka ya sumu. Ukizitupa shambani, sumu inaingia kwenye udongo. Ukizichoma jikoni, unaivuta.

Nini kifanyike?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, unaotaka matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe. Kazi kubwa iko hapo: kwenye karasha na marudio, kabla sumu haijafika kisimani.

Chujio la mimea liwe nyongeza, lenye vipimo vya mara kwa mara na mahali salama pa kutupa pumba zilizotumika. Na wewe ambaye kisima chako kiko jirani na mwalo, usianze na mlonge. Anza kwa kudai maji yapimwe.