Urefu wa Rubani Haukuwa Ugonjwa

Kadi ya Ishihara haina huruma. Ni duara la vidoa vya rangi: kwenye kadi mojawapo, mwenye macho mazima husoma 74, asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani huona 21 au haoni kitu. Katika Jeshi la Anga la Marekani, upungufu huo waweza kumfungia kijana njia ya urubani kabla hajagusa usukani. Na iwe hivyo. Taa ya onyo haimsubiri mtu akisie.

Sharti la kimo ni habari nyingine. Kwa miaka mingi jeshi hilo lilitaka futi 5 na inchi 4 hadi futi 6 na inchi 5, kwa kuwa vyumba vingi vya marubani vilisanifiwa kwa vipimo vya wanaume vilivyokusanywa mwaka 1967. Takriban asilimia 44 ya Wamarekani wanawake wa miaka 20 hadi 29 walikuwa wafupi mno, bila maradhi yoyote. Ruhusa maalumu ilikuwepo, tena wengi walioomba walipewa. Lakini nani huomba baada ya kusoma tangazo linalomkataa?

Sharti liliondolewa mwaka 2020. Ajabu, upasuaji wa macho wa LASIK ulikuwa umekubaliwa kwa waombaji wa urubani tangu 2007.