Nywila Imara, Mlango Wazi

Hivi karibuni, nikiwa Mvumi Misheni, niliandamana na mpwa wangu hadi steshenari kufungua akaunti katika mfumo mmoja wa maombi ya kazi. Aliandika nywila, mfumo ukajibu, kwa Kiingereza, kuwa ni dhaifu. Akaongeza herufi kubwa, tarakimu na alama. Ukasema mna alama isiyoruhusiwa. Akaiondoa, ukadai alama. Ipi ni halali na ipi ni haramu, haukusema. Mwenye steshenari akacheka, akavuta kibodi, akaandika nywila anayowawekea wateja wake wote, kisha akainakili daftarini.

Ndugu msomaji, usalama wetu umeishia katika daftari hilo.

Wapo watakaosema kwamba usalama una gharama. Nakubali, ninachokataa ni gharama isiyonunua kitu. Masharti haya yalienezwa na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ilishauri mifumo iache kulazimisha mchanganyiko wa herufi na alama. Hesabu yenyewe ni nyepesi: herufi ndogo 16 zilizochaguliwa bila mpangilio zina michanganyiko zaidi ya mara milioni 7 ya nywila ya herufi, tarakimu na alama 8. Urefu hushinda mapambo.

Kuna na dhuluma ya lugha. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama zetu. Leo Mtanzania aweza kuhukumiwa kwa Kiswahili, lakini kompyuta humkataa kwa Kiingereza, bila kumtajia kosa wala kumpa nafasi ya rufaa. Hakimu akifanya hivyo tungeandamana.

Mtumishi wa umma unayepokea mfumo kutoka kwa mkandarasi, usiujaribie ofisini Dodoma mjini pekee. Uje nao Mvumi, umkabidhi mkulima wa uwele, unyamaze, utazame. Dai masharti yote yaonekane kabla mtu hajaandika, yawe kwa Kiswahili, na yaruhusu sentensi ndefu anayoikumbuka mwenyewe. Mfumo usioweza kueleza kosa la raia hauna haki ya kumkosoa.

Mpwa wangu alituma maombi yake. Ufunguo wake anao mtu mwingine.